Daktari aliuliza, "Utotoni alikuwaje?"

Swali hilo lilimliza mama. Mdogo wangu alikuwa na miaka 22, wiki ya tatu anasikia sauti zinamtukana, na mama akadhani anaulizwa ni wapi alikosea kumlea.

Tukaanza kukumbuka. Alichelewa kuongea. Wenzake wakicheza kombolela, yeye alikuwa nyuma ya nyumba akipanga vizibo vya soda peke yake, mistari mirefu, kwa saa nzima. Shuleni alama zilishuka na kwenye ripoti ikaandikwa "mzembe". Alichapwa sana kwa neno hilo, na bado linaniuma.

Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa Uingereza uliofuatilia watoto waliozaliwa wiki moja ya Machi 1946. Wale wachache waliokuja kuugua skizofrenia, ugonjwa huu wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, walikuwa, kwa wastani, wamechelewa kidogo kutembea, walipendelea kucheza peke yao wakiwa na miaka 4 na 6, na kwenye majaribio ya akili walipofika miaka 8, 11 na 15 walikuwa nyuma kidogo ya wenzao. Nilimweleza mama polepole, mara mbili. Ubongo wa mwanawe ulikuwa unapita njia ngumu miaka mingi kabla ya sauti kuanza, na hakuna aliyemroga.

Naomba mzazi mwenye mtoto mkimya asiogope kwa maneno haya. Walio wengi kati ya watoto wa namna hiyo hukua salama kabisa.

Kinachosahaulika majumbani ni akili ya kila siku. Dawa zilizituliza sauti, lakini kumbukumbu na umakini havikurudi vilivyokuwa, na hilo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Nilikuwa namtuma dukani: sukari, kiberiti, sabuni, na chenji upitishe kwa mama Asha. Anarudi mikono mitupu, nami namfokea kwamba ananidharau. Kumbe alifika dukani akasimama pale, orodha yote imemtoka.

Sasa namwambia jambo moja, nasubiri alimalize, ndipo nasema la pili. Vya dukani naviandika kwenye karatasi. Dawa anakunywa baada ya chai ya asubuhi, kila siku wakati huohuo, na kidaftari kinaning'inia ukutani ili aweke alama mwenyewe. Akichelewa kujibu namwacha afikiri, jibu huja. Na usimpunguzie dawa kwa sababu anaonekana mzito wa kufikiri na kujibu. Rudi kwa daktari umweleze uzito huo.

Ukienda hospitali, beba kadi ya kliniki ya utotoni na ripoti za shule, kama bado zipo. Vinamsaidia daktari kuliko kumbukumbu za watu waliochanganyikiwa. Za mdogo wangu tulizikuta chini ya godoro la mama, zote, pamoja na ile ya "mzembe".