Kamera ya kukunja ya babu inatoa madoa meupe: usifungue lenzi kabla ya kusoma negativu

Ndugu yangu wa Iringa, umeeleza kwamba kamera ya kukunja uliyorithi kwa babu yako, ya miaka ya 1950, inayotumia filamu ya 120 na kutoa picha 12 za sentimita 6 kwa 6, imekupa mkanda wa kwanza wenye madoa meupe karibu katika kila picha, na kwamba zile ulizopiga alfajiri zimepauka zote. Unauliza kama ufungue lenzi. Nakusihi usiifungue bado. Mimi nilianzia huko, hapa Mbeya, nikafungua kioo cha mbele bila kuweka alama ya mahali uzi wake unaposhikia, na ilinichukua wiki kadhaa kuirudisha sawasawa lenzi ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Anza na negativu, yaani filamu iliyosafishwa, ambamo mwanga huonekana mweusi na giza huonekana jeupe. Doa jeupe kwenye picha iliyosafishwa ni doa jeusi kwenye negativu, maana yake mwanga umefika hapo bila kupitia lenzi. Mwanga ulioingia pembeni mwa mkanda na kuvuka mipaka ya picha mara nyingi hutokana na filamu iliyojiviringisha kwa kulegea, au iliyotolewa juani. Doa la mviringo lenye kingo zilizofifia huelekeza kwenye kile kidirisha chekundu cha nyuma cha kusomea namba: filamu nyingi za zamani hazikuhisi mwanga mwekundu, lakini za leo zinauhisi, kwa hiyo kifunike kwa utepe mweusi na ukifunue kivulini tu, wakati wa kuzungusha. Ikiwa doa liko mahali palepale katika kila picha, na ni kubwa zaidi kwenye picha uliyoichelewesha huku kamera ikiwa wazi, basi mvukuto, yaani ule mfuko wa mikunjo ulio kati ya lenzi na mwili wa kamera, umetoboka, na kwa maelezo yako naamini hilo ndilo tatizo.

Uhakikishe usiku. Zima taa zote, ukae kama dakika kumi mpaka macho yazoee giza, fungua mgongo wa kamera isiyo na filamu, unyooshe mvukuto wote, kisha uingize tochi ndogo ndani na kuisogeza polepole huku ukitazama pembe za mikunjo kwa nje. Matundu karibu yote huwa kwenye pembe, kwa kuwa hapo ndipo ngozi na karatasi hukunjwa mara mbili. Kwangu yalionekana saba, mengine madogo kama ncha ya sindano. Niliyaziba kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na rangi nyeusi ya akriliki, nikipaka tabaka jembamba sana kwa brashi ndogo, kwa sababu tabaka nene huzuia mvukuto kukunjika na baadaye hupasuka. Acha ukauke ukiwa umenyooshwa. Katika baridi ya Julai huku kwetu nilisubiri siku mbili nzima, na sijutii subira hiyo.

Picha za alfajiri ni jambo jingine. Grisi ya zamani ndani ya shata, yaani kile kifaa cha mabapa kinachofunguka na kufunga ili kupitisha mwanga, huwa nzito, na baridi huifanya nzito zaidi, hivyo shata huchelewa kujifunga na mwanga huzidi. Rekodi shata kwa simu yenye video ya fremu 240 kwa sekunde: kwenye kasi ya 1/25 ya sekunde inapaswa kuonekana wazi kwa fremu 9 au 10. Yangu ilionyesha 24 asubuhi, na mchana ikakaribia usahihi. Kama yako ni hivyo, mpelekee fundi wa saa anayejua kusafisha gia ndogo, na usikubali mtu adondoshe mafuta humo, maana yakifika kwenye mabapa ya shata yatayagandisha. Wala usiguse kitegeo cha kujipigia picha. Shata nyingi za umri huo hukwama hapo.

Ukali wa picha ya lenzi upime bila kufungua chochote. Tandaza karatasi nyembamba inayopitisha mwanga kwenye reli za filamu, ikaze, weka shata kwenye B, alama inayoiacha wazi muda wote unaobonyeza, na tundu la lenzi wazi kabisa, kisha tazama kitu cha mbali kwa kioo cha kukuzia. Mimi hutumia ukingo wa Mlima Loleza. Wewe tumia mwamba wa Gangilonga, ukisimama kilomita moja au zaidi kutoka hapo. Upande mmoja ukiwa mkali na mwingine umefifia, mikono inayoshika lenzi imepinda, na lenzi yenyewe haina kosa.

Mkanda wa majaribio uupige hivi: fungua kamera kwanza, taratibu, ndipo uzungushe filamu, kwa sababu mvukuto unaofunguka ghafla huvuta hewa na kuibinua filamu mbele. Kabla ya picha ya 6 iache kamera juani dakika tano ikiwa imenyooshwa na shata imefungwa, kisha upige. Negativu ya picha hiyo ikitoka bila doa jeusi, mvukuto umezibika.