Jibu: Msingi wa bimu kwenye udongo wa mbuga

Mkuu, umeuliza kama mkanda mmoja wa zege juu ya mawe unatosha kwenye kiwanja chako cha mbuga (udongo mweusi wa mfinyanzi) huko Shinyanga, kama anavyodai fundi. Hautoshi.

Udongo ule mweusi hufyonza maji ukavimba, kiangazi hunywea na kupasuka. Shida ni kwamba hauvimbi sawasawa: pembezoni hulowa na kukauka, chini ya nyumba unyevu haubadiliki sana. Ndipo nyufa za mshazari hutokea kwenye kona za madirisha.

Bimu (mihimili ya zege yenye nondo) zinazokatizana chini ya kuta zote, zikamwagwa pamoja na jamvi (zege la sakafu), huifanya nyumba ipande na kushuka kwa pamoja kama chelezo. Nondo ziwe juu na chini ya bimu. Mafundi wengi hukazania za chini tu, wakati udongo ukiinua katikati, upande wa juu ndio unaovutika.

Lakini kwanza chimba shimo la majaribio. Mbuga ikiishia kina cha mita moja hivi, iondoe yote, jaza moramu (udongo mwekundu wa changarawe) na ushindilie tabaka kwa tabaka. Mara nyingi ni nafuu zaidi. Ikiwa nene sana, utahitaji nguzo za zege zinazofika tabaka gumu, na bimu juu yake ziachiwe nafasi tupu chini, udongo upate pa kuvimbia.

Vipimo vya nondo akupe mhandisi wa miundo. Na maji ya paa yapeleke mbali na kuta.