Vitufe 12 kwenye kasha la sentimita 45? Mkuu, soma hapa kabla hujatoboa bati

Mkuu, umesema unapiga gitaa la solo kwenye bendi ya kumbi za harusi, Jumapili uko kanisani, umepata mashine ya efekti (ya kubadilisha sauti ya gitaa) yenye tundu la MIDI, yaani mfumo wa vyombo vya muziki kutumiana amri kwa waya, na sasa unataka kujitengenezea kasha la kuiongoza kwa mguu: vitufe 12, safu mbili za sita sita, upana sentimita 45. Unauliza kitufe kipi kikae wapi. Nimeshatengeneza makasha matatu hapa Dar. Mawili ya kwanza nimeyavunja, la tatu ninalo mwaka wa nne sasa na sina mpango wa kulibadilisha. Nakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe.

Tuanze na kiatu. Sentimita 45 ukizigawa kwa sita unapata 7.5 kutoka kitufe hadi kitufe, na pembeni inabaki chini ya sentimita nne. Chukua kiatu unachopigia ukumbini, si ndala za mazoezini, upime pale kilipo kipana zaidi. Changu ni sentimita 11. Kwa hiyo ukikanyaga kitufe chochote cha katikati na mguu ukahama sentimita mbili tu, jirani yake yuko chini ya soli hiyo hiyo. Kwenye mchoro mezani nafasi inaonekana inatosha kwa sababu unaijaribu kwa kidole cha mkono.

Kasha langu la kwanza lilikuwa na tatizo hilo hilo. Vitufe 12, vimebanana, nikijisifu kwamba kila efekti ina kitufe chake. Siku moja kwenye harusi, maharusi wanaingia, bendi inapiga taratibu kabisa, zamu yangu ya solo ikafika. Nikakanyaga, soli ikachukua na kitufe cha benki (cha kuhamia kundi jingine la sauti) kilichokuwa jirani, na mashine ikaruka kwenda kundi la sauti nzito za distosheni, zile za kukwaruza. Ukumbi mzima ukageuka. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba sikuweza kurudi: kila nilichokanyaga baada ya hapo kilikuwa cha benki nyingine, kwa hiyo nilizidi kupotea mpaka nikafunga sauti ya gitaa kwa mkono. Watu wale wanaingia ukumbini mara moja tu maishani, nami niliwaharibia dakika yao. Usiku ule ndipo nilipoelewa kwamba nilipanga vitufe kwa kufuata orodha ya efekti, wala sikuwahi kujiuliza mguu wangu huwa uko wapi sauti inapotakiwa kubadilika.

Kabla ya kutengeneza la pili nilikata katoni, nikabandika vizibo vya soda mahali pa vitufe, nikaliweka sakafuni mazoezini na kupiga nalo kama kasha kamili, wakati mashine yenyewe naigusa kwa mkono nyimbo zikipumzika. Mdogo wangu alikaa pembeni na daftari akiweka alama kila ninapokanyaga kizibo. Tulifanya hivyo wiki tatu. Zaidi ya nusu ya alama zote ziliangukia vitufe viwili tu: solo, na sauti safi ninayorudia baada ya solo. Vitufe vinne havikupata alama hata moja. Efekti ya flenja niliyoipigania iwe na kitufe chake sikuikanyaga kabisa, na efekti ya korasi huwa naiwasha mwanzo wa wimbo na kuiacha hapo hadi mwisho, kazi ambayo mkono unaiweza.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba: punguza vifike vinane. Safu mbili za nne nne. Kwenye sentimita zako 45 unaweza kuweka nafasi ya 11.5 kati ya kitufe na kitufe, mara tatu ni 34.5, inabaki 10.5 ya kugawa pembeni, zaidi kidogo ya sentimita tano kila upande. Hiyo inatosha hata kwa kiatu cha ngozi cha sherehe.

Sasa mpangilio wenyewe. Angalia unavyosimama. Wengi wetu uzito tunauweka mguu wa kushoto na kukanyagia wa kulia. Ukiweka kisigino cha kulia sakafuni na kuzungusha ncha ya mguu bila kukiinua, ncha inachora upinde, na vitufe viwili vya safu ya chini vinafikika. Hapo ndipo mahali pa thamani kuliko pote kwenye kasha. Kitufe chochote nje ya upinde huo kinakulazimisha kuinua mguu mzima, na ukiinua mguu mzima unatazama chini, na ukitazama chini wakati bendi inaingia chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, umeshachelewa.

Mimi safu ya chini, kutoka kushoto, nimeipanga hivi: sauti nzito, sauti safi, chemko, solo. Kisigino changu kinakaa katikati ya chemko na solo. Sababu ni muundo wa muziki wetu. Wimbo wa dansi unaanza na sehemu ya kuimba, gitaa liko nyuma ya waimbaji, sauti safi na mwangwi kidogo. Kisha ngoma inaita, wimbo unageuka chemko, na hapo gitaa linatakiwa liwe la kung'aa, makali zaidi juu, dilei (efekti ya kurudia noti) fupi, na lisikike kuanzia noti ya kwanza. Mabadiliko hayo yana sehemu moja tu ya kuangukia, lile pigo la kwanza baada ya ngoma kuita, na hakuna atakayekusubiri. Solo yenyewe ni sauti ile ile ya chemko ikiongezwa kama desibeli nne. Nimeiweka pembeni kabisa kulia kwa sababu kitufe cha kona kina jirani upande mmoja tu, na mguu unaihisi kona ya kasha hata gizani.

Kuna jambo ambalo sikuliona kwenye kasha lolote la dukani nililowahi kulijaribu, na leo siwezi kupiga bila hilo: kitufe cha solo kikikanyagwa mara ya pili kinanirudisha nilikotoka. Nikitoka kwenye sauti safi narudi kwenye safi, nikitoka chemko narudi chemko. Kasha lenyewe linakumbuka. Mguu haujasogea hata sentimita, na zile alama nyingi za kwenye daftari zimekuwa za kitufe kimoja. Ukiandika programu yako kwenye Arduino, ile bodi ndogo ya kompyuta inayoendesha kasha, ni mistari michache tu: hifadhi namba ya sauti iliyopo kabla ya kuruka.

Safu ya juu, kutoka kushoto: tyuna (ya kuweka nyuzi sawa), benki, dilei, na kitufe cha kugonga mwendo, unachokigonga kwa kufuata mapigo ili dilei iende na wimbo. Tazama nani anakaa juu ya nani. Ukikosea ukiitafuta solo, kosa lako litaangukia chemko upande wa kushoto au kitufe cha mwendo upande wa juu. Chemko ni sauti ya jamii moja na solo, msikilizaji hatashtuka. Na mguso mmoja wa kitufe cha mwendo haubadilishi kitu, kwani mashine inahitaji angalau miguso miwili ili ipime muda kati yake. Tyuna, ambayo kwenye mashine nyingi inanyamazisha gitaa lote, iko kona ya mbali kabisa na solo. Kila unapotaka kuweka kitufe mahali, jiulize kwanza nini kitatokea ukikikanyaga kwa bahati mbaya.

Inua safu ya juu. Kwenye kasha la pili nilisahau hili, safu zote ziko bapa, nikawa kila nikifikia juu tumbo la kiatu linalala juu ya safu ya chini. Sasa hivi safu ya juu imepanda sentimita nne na iko sentimita 13 nyuma ya ile ya chini. Fundi bati yeyote anaweza kukukunjia ngazi hiyo, mradi umchoree vizuri. Mwambie atumie bati nene, maana jembamba linapinda katikati na swichi zinaanza kucheza. Chini gundisha vipande vya tyubu ya pikipiki. Sakafu za marumaru za kumbi zinateleza, na kasha likisogea sentimita tano hesabu zote nilizokupa hazina maana.

Umeuliza pia kama utumie kukanyaga kwa muda mrefu ili kitufe kimoja kifanye kazi mbili. Hapa kuwa mwangalifu sana. Kitufe chenye kazi mbili hakiwezi kujua unataka ipi mpaka uinue mguu, kwa hiyo ile kazi ya kukanyaga kwa kifupi inatokea mguu unapotoka badala ya unapoingia. Hesabu: wimbo wa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500, robo ya pigo ni 125. Mguu ukikaa juu ya kitufe kwa muda huo tu, sauti yako imebadilika robo ya pigo baadaye. Noti ya kwanza ya chemko imetoka na sauti ya zamani, na kila mtu kwenye bendi ameisikia. Kwa hiyo safu ya chini iachie kazi moja moja, itende mguu unapogusa. Safu ya juu unaweza kuweka muda mrefu, na kwa tyuna na benki nakushauri uweke muda mrefu peke yake: hazifanyi kitu mpaka ushikilie sekunde nzima. Pale kuchelewa kunakulinda.

Waya wa MIDI usiulaumu kwa ucheleweshaji. Mfumo huu ni wa mwaka 1983 na unapitisha biti 31,250 kwa sekunde. Ujumbe wa kubadili programu (hapa namaanisha sauti iliyohifadhiwa kwenye mashine) ni baiti mbili, ambazo pamoja na biti za kuanzia na kumalizia ni biti 20, yaani pungufu ya milisekunde moja. Ukisikia pengo sauti inapobadilika, mara nyingi ni mashine yenyewe inapakia programu mpya, na hapo hapo inakata mkia wa dilei. Dawa yake ni kujenga sauti zako nne ndani ya programu moja, kisha kasha litume ujumbe wa kuwasha na kuzima efekti zilizomo humo. Na ukituma, tuma thamani kamili: 127 kuwasha, 0 kuzima, kwa kila efekti inayohusika, kila unapokanyaga. Usitume ujumbe wa kugeuza tu hali iliyopo. Umeme ukikatika na jenereta likawaka, kasha linaamka haraka kuliko mashine, kumbukumbu zao hazilingani tena, na taa inakuambia dilei imewaka wakati imezima. Ukituma hali nzima, kukanyaga kitufe kimoja kunazipatanisha.

Kumbuka pia namba za programu kwenye waya zinaanza 0 hadi 127, ilhali mashine nyingi zinaandika 1 hadi 128. Ukiona kila kitufe kinaleta sauti ya jirani, angalia hapo kwanza.

Swichi nunua zile zinazorudi zenyewe ukiachia, zisizobaki zimebanwa. Zile ngumu zenye mlio wa tak zinahitaji nguvu, na kanisani wakati wa maombi mlio wake unasikika. Laini ni bora, hasa kama nawe unapiga peku siku nyingine. Kwenye programu weka subira ya milisekunde 15 hivi baada ya mguso wa kwanza, maana vyuma vya swichi vinatetemeka na mguso mmoja unaweza kusomwa kama mitatu, lakini ujumbe utume pale pale kwenye mguso wa kwanza, subira ije baadaye. Taa ziweke juu ya kila kitufe, upande wa mbali na wewe, kwa sababu zikiwa chini kiatu kinazifunika. Vitufe vinane na taa nane vinakula pini 16 (sehemu za kuunganishia waya), na kwenye Arduino Uno yenye kazi ya MIDI hazikutoshi vizuri ukitaka na kanyagio la kupandisha na kushusha sauti. Chukua chipu ya 74HC595, taa zote nane zitaendeshwa na pini tatu.

Kanyagio la sauti, ukiliongeza, liwe kulia, nje ya kasha, na uache kiganja kizima kati yake na kitufe cha solo. Mguu ukitoka kwenye kanyagio huwa unatoka kwa kufagia.

Bati usilipeleke kwa fundi kwanza. Kata katoni la sentimita 45, bandika vizibo vinane kwa vipimo nilivyokupa, piga nalo mazoezi mawili ya bendi na Jumapili moja, huku mtu akikuandikia alama. Kisha weka picha yake hapa pamoja na kipimo cha kiatu chako na hizo alama, nitakuonyesha vipi ningevihamisha.