Kutoa sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti: mkatie mkate wa kumimina

Waalaykum salaam dada yangu wa Wete. Nimekufahamu: mwanao akipewa 3/4 − 1/6 anatoa juu kwa juu, chini kwa chini, anapata 2/2. Muulize: 2/2 si kizima? Ulikuwa na robo tatu ya mkate, umetoa, vipi umebakiwa na mkate mzima? Mwache afikiri, usimkimbilie na jawabu.

Kisha mkatie mkate wa kumimina vipande 12 vilivyo sawa. Hiyo 12 ndiyo kigawe kidogo cha shirika cha 4 na 6, yaani namba ndogo kabisa inayogawika kwa zote mbili. Robo tatu ni vipande 9, sehemu ya sita ni vipande 2. Vinabaki 7, yaani 7/12. Mwanangu alifahamu papo hapo, iliki bado mdomoni. Kwenye daftari aandike 9/12 − 2/12. Sasa anatoa juu tu.

Tahadhari na kosa jengine: kubadilisha asili na kusahau kiasi (namba ya juu), 3/4 akaiandika 3/12. Chini ikizidishwa kwa 3, na juu izidishwe kwa 3.

Ukiona anakwama kwenye kuzidisha kwenyewe, weka sehemu kando, mrejeshe kwenye tebo, na uende skuli ukaonane na mwalimu wake wa hesabu. Usingoje mtihani.