Kumtafuta ndugu aliyekamatwa: kwa wakalimani wapya wa Louisville

Wadogo zangu mlioanza kazi majuzi, nawapenda, ila leo naandika nikiwa bado nina hasira. Nimewasikia tena mkiiambia familia kwenye simu, "Nimeangalia, hayumo." Umeangalia wapi? Umeandika jina gani? Alikamatwa saa ngapi, na wewe umeangalia saa ngapi? Mama akisikia "hayumo" anaanza kupiga simu hospitali, halafu chumba cha maiti. Wakati huo kijana wake amekaa kwenye benchi ng'ambo ya mto, anasubiri kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole.

Rosta za jela, yaani orodha za waliomo jela zilizo mtandaoni, ziko wazi kwa kila mtu mwenye simu, na hamhitaji ruhusa ya keiswoka, yule mhudumu anayesimamia faili la familia, wala ya mkurugenzi. Mnachohitaji ni kuzisoma vizuri. Haya ndiyo ninayoyarudia kila mwaka, si kwa mpangilio wa maana.

1. Anza na mahali, jina litafuata. Jela inaamuliwa na pale mtu alipokamatwa, si pale anapolala. Louisville iko kaunti ya Jefferson, Kentucky. Ukivuka daraja la mto Ohio unaingia mji unaoitwa Jeffersonville, ambao uko kaunti ya Clark, Indiana. Hilo ni jimbo jingine, lenye mahakama yake, jela yake na rosta yake. Watu wetu wanavuka kila siku kwenda zamu za maghala. Kwa hiyo mama akikutumia sauti ya WhatsApp kwamba "wamemkamatia Jefferson", bado hujaambiwa kitu. Uliza alikuwa anaenda kazini au anarudi. Uliza gari liko wapi, maana kama limevutwa, yadi inajua ni polisi gani walioiita. Uliza kama kuna aliyeona maandishi ya ubavuni mwa gari la polisi: ya mji, ya sherifu, au ya jimbo.

Tena mliotokea majimbo mengine mna tabia ya kufungua ukurasa wa sherifu na kukata tamaa. Kentucky haiendi hivyo. Hapa kaunti huchagua mkuu wa jela kwa kura, mtu tofauti na sherifu. Louisville nayo ina lake, jela iko chini ya idara ya serikali ya mji. Jimbo lina kaunti 120 na si zote zenye jela, kwa hiyo aliyekamatwa kaunti moja anaweza kulala ya jirani. Msipompata, piganeni na ramani kwanza.

2. Jina ni lile lililo kwenye kadi, si lile analoitwa nyumbani. Usimwulize mama "linaandikwaje", atakuandikia la ubatizo. Omba picha ya leseni, ya kadi ya kijani, au ya I-94, karatasi ya kuingilia nchini. Makosa yaliyofanywa wakati wa usaili kwenye kambi ya wakimbizi yamesafiri na mtu mpaka hapa: jina la babu limekuwa la ukoo, la ukoo limekuwa la katikati, herufi moja imedondoka. Waliokuwa na jina moja tu wakapewa herufi FNU mahali pa jina la kwanza, yaani halijulikani, na nimeshawaona watu wamo rosta wakiitwa hivyo hivyo, Bwana FNU. Andika herufi tatu za mwanzo za jina moja, tafuta. Kisha geuza, la kwanza liwe la mwisho. R na L mzibadilishane bila aibu.

3. Tarehe ya kuzaliwa haithibitishi kitu kwa watu wetu. Hapa nitakaa kidogo.

Mnajua wenyewe wangapi kati yetu "tulizaliwa" tarehe 1 Januari. Aliyekosa cheti alipewa siku hiyo, mwaka ukakadiriwa, na mambo yakaishia hapo. Mimi nilijua hilo. Nilikuwa nimeshawafundisha wengine hilo, kwa kidole juu.

Mama mmoja alinipigia jioni. Mwanawe hakurudi kutoka kazini, na mwenzake wa zamu alikuwa amesikia kwamba polisi wamemchukua. Nikafungua rosta ya upande wetu, nikaandika jina. Mojawapo ni jina ambalo ukiliita katikati ya ibada vijana sita wanageuka. Likatokea. Jina la ukoo lilelile, tarehe 1 Januari, mwaka uleule. Shitaka lilikuwa zito, la kumjeruhi mtu kwa silaha. Picha ilikuwa haijapakia, simu yangu ilikuwa inazunguka tu. Sikungoja ipakie. Sikumwuliza mama alikuwa anafanya kazi upande gani wa mto. Nilitaka kuwa yule anayepata jibu ndani ya dakika tano, na nikampigia nikamsomea shitaka lote kwa Kiswahili kizuri cha mahakamani.

Usiku ule mchungaji alijulishwa, kundi la maombi likajulishwa, mchango ukaanza. Mtu mmoja, mpaka leo sijui nani, akachukua picha ya ule ukurasa na kuisambaza. Kufikia asubuhi picha ilikuwa imepakia kwenye simu za watu wote isipokuwa yangu, na waliomjua yule kijana vizuri walianza kuulizana mbona uso si wake.

Hakuwa yeye. Wa kwetu alipiga simu mchana kutoka kaunti ya Clark. Alikuwa amesimamishwa barabarani akitoka kazini, leseni yake ilikuwa imezuiwa kwa faini asiyoilipa, basi. Yule wa kwenye rosta alikuwa mtoto wa familia nyingine, waliotoka kambi ileile, wanaosali kanisa la mtaa wa pili. Wazazi wake walikuwa hawajajua kitu. Walijulishwa na kundi la WhatsApp la watu wa kanisa letu, pamoja na shitaka, pamoja na picha, kupitia tafsiri yangu.

Nilikwenda nyumba zote mbili. Kwa wa kwanza mama alinikaribisha, akanipa chai, akaniuliza, "Mwanangu, ulikuwa na haraka gani ya kunizika?" Nyumba ya pili baba alinisikiliza nikiwa nimesimama mlangoni, akasema amenielewa, akafunga mlango. Yule kijana wa leseni alisumbuliwa muda mrefu. Kwenye harusi mtu anamnong'oneza mwenzake, anajua wanachosema. Hata wakieleweshwa kwamba si yeye, wanabaki na ule wasiwasi wa "lakini hakuna moshi bila moto". Yule wa pili, kwa taarifa yenu, shitaka lake lilifutwa baadaye. Hiyo haikusambazwa na mtu.

Kwa hiyo: jina, tarehe, na kitu cha tatu. Picha, anwani, mahali alipokamatwa, urefu, chochote. Bila cha tatu, familia inaambiwa "bado natafuta", na hilo si uongo.

Na ukimpata, unawaambia yuko wapi, tarehe ya mahakama na bondi, yaani pesa ya dhamana. Shitaka msilitangaze mbele ya ukoo mzima spika ikiwa wazi. Yaliyoandikwa pale ni ya polisi, mwendesha mashitaka anaweza kuyabadilisha au kuyatupa.

4. Rosta huchelewa. Mtu anaweza kukaa saa nyingi kabla ya bukingi, yaani kuandikishwa jela, kukamilika, na akiwa amelewa au amepelekwa hospitali kwanza, zaidi. Nyingine huonyesha waliomo sasa hivi tu, kwa hiyo aliyetoka asubuhi hayupo tena mchana. Akipotea rostani msiseme ameachiwa. Inaweza kuwa amehamishwa. Pigeni simu.

5. Mkipiga simu jela, sema machache. Jina kama lilivyo kwenye kadi, tarehe ya kuzaliwa, unataka kujua kama yupo, bondi ni kiasi gani, na mahakama ni lini. Usieleze kwamba ni mkimbizi, usieleze alizaliwa wapi, usieleze makaratasi yake yalipofikia. Hukuulizwa. Hata ukiulizwa, wewe si wakili wake. Mmoja wenu, kwa moyo mweupe kabisa, alimsimulia askari wa zamu historia nzima ya familia tangu Uvira, kule Kongo. Nilikuwa nimekaa meza ya pili nikitamani kung'oa waya.

6. Simu za kutoka jela zinarekodiwa. Mwambieni mama kabla hajapokea ya kwanza: mwulize mwanao kama amekula, kesi aiache kwa wakili. Kuongea Kiswahili, Kibembe au Kinyarwanda hakumfichi mtu. Nyie wenyewe mnaolipwa kutafsiri mnajua.

7. Kesi ina karatasi zake mbali na jela. Hapa Kentucky nendeni kwa karani wa mahakama ya mzunguko wa kaunti husika, ndiye anayetunza majalada ya mahakama ya wilaya pia. Indiana wana MyCase mtandaoni, ni bure na ni ya wote. Taarifa ya polisi yenyewe mnaiomba kwa maandishi chini ya sheria ya rekodi za wazi. Tangu mwaka 2021 haki hiyo ni ya wakazi wa Kentucky, na ofisi ina siku tano za kazi kujibu. Binamu aliyeko Ohio asisumbuke, aliyeko hapa ndiye asaini.

8. Pesa. Matapeli nao wanasoma rosta. Wanachukua jina na shitaka, wanaitafuta familia, wanajifanya maofisa: lipa sasa kwa kadi za zawadi atoke leo. Biashara ya madalali wa dhamana ilipigwa marufuku Kentucky mwaka 1976, kwa hiyo anayejiita dalali wa bondi kwa mtu aliye jela ya Louisville ni mwizi, kata simu. Lakini ukivuka mto, Indiana, dalali ni kazi halali yenye leseni. Ndiyo maana namba moja ilikuwa mahali. Na zile tovuti za biashara zinazokusanya picha za waliokamatwa msizifungue kabisa. Picha ni za zamani, na baadhi yao wamewahi kuwatoza watu pesa ili wazifute.

9. Jiandikisheni VINE. Ni mfumo unaokupigia au kukutumia ujumbe mfungwa akihamishwa au akitoka. Chagueni PIN ambayo mwenye simu ataikumbuka, maana mashine inaendelea kupiga mpaka iingizwe. Bibi mmoja wa huku aliandikishwa na mmoja wenu, PIN haikuandikwa popote, na mashine ikamwamsha usiku kucha. Alidhani ni shetani. Aliikemea kwa jina la Yesu, ikapiga tena.

Lakini jueni ulitokea wapi. Ulianzia mji huu huu. Desemba 1993 msichana anayeitwa Mary Byron aliuawa siku anatimiza miaka 21, na mpenzi wake wa zamani, aliyekuwa jela kwa kumshambulia. Alikuwa ametoka kwa dhamana na hakuna aliyemwambia Mary. Mwaka uliofuata kaunti ya Jefferson ikaanzisha mfumo. Kwa hiyo mwanamke akiwauliza kwa sauti ya chini kama mume wake ametoka, msikimbilie kumpa hongera. Mwulize kwanza kama angependa atoke. Na mwanamume anayetaka mumtafutie "mke wangu amehamia wapi" hiyo si kazi yetu, hata akilia.

10. Uhamiaji. Mkiona kwenye rosta kuna zuio la ICE, yaani idara ya uhamiaji imeiomba jela imshikilie mtu kwa ajili yao, familia isilipe bondi kabla ya kuongea na wakili. Wanaweza kumaliza akiba yote, mtu akatoka mlango wa kaunti na kuingia kwenye gari la ICE. Mkumbusheni pia wakili wa umma, kwa adabu, kwamba mteja si raia. Analazimika kumweleza hatari ya kufukuzwa nchini kabla hajakiri kosa. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 2010 katika kesi iliyotoka jimbo letu, Padilla dhidi ya Kentucky. Padilla alikuwa dereva wa lori, mkazi halali kwa miaka zaidi ya 40, na wakili wake alimwambia asihofu kwa kuwa amekaa sana.

Aliyechukuliwa na ICE mtafuteni kwenye kitafutio chao cha mtandaoni. Kina njia mbili. Ya kwanza ni A-namba, yaani namba ya faili lake la uhamiaji, na nchi aliyozaliwa. A-namba ikiwa na tarakimu nane, tangulizeni sifuri zitimie tisa. Ya pili ni majina na nchi, na hapo herufi zote lazima zilingane. Sasa, nchi aliyozaliwa. Hapa ndipo mnaposhindwa wote, mwaka baada ya mwaka. Kijana ni Mkongo, mnaandika Kongo, hakuna kitu, mnatangaza amepotea. Kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania, imekuwepo tangu 1996. Huyo kijana alizaliwa Kigoma! Andikeni Tanzania. Wa miaka ya nyuma zaidi jaribuni Kongo, na kumbukeni Kongo ziko mbili, Brazzaville nayo ina nafasi yake kwenye orodha. ICE hutumia vitanda vya jela za kaunti, ya Boone kule kaskazini ikiwemo, kwa hiyo mkisikia yuko Boone si lazima awe na kesi ya Boone.

Aliye chini ya miaka 18 hamtamwona kwenye kitafutio hicho, wala kwenye rosta za kawaida za jela. Hapo funga kompyuta, mpigie wakili, na kama ni usiku nipigie mimi.