Roketi ya wanafunzi na joto la Unguja

SWALI: Assalaamu alaykum. Sisi ni wanafunzi wa uhandisi na tunatengeneza mota ndogo ya roketi mseto (yaani yenye mafuta yabisi na kioksidishaji cha majimaji au gesi), itakayojaribiwa ardhini tu bila ya kurushwa. Mafuta yake ni nta, na kioksidishaji, yaani kinachotoa oksijeni ya kuunguzia mafuta hayo, tulichokikusudia ni naitrasi oksaidi. Je, joto la kwetu lina athari yoyote?
Mwanafunzi, Tunguu

JIBU: Waalaykumu salaam. Athari ipo, tena kubwa. Naitrasi oksaidi hukaa mtungini sehemu ikiwa majimaji na sehemu gesi, na hujisukuma yenyewe bila ya pampu, jambo linalowavutia wengi. Lakini shinikizo lake hufuata joto, kwa kuwa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi huwa takriban baa 50 (baa moja inakaribia shinikizo la hewa ya kawaida), kwenye nyuzi 30 hupindukia baa 60, na ikishavuka nyuzi 36.4 haiwezi kubaki majimaji hata kidogo, hivyo kiasi kinachoingia kwenye chemba ya kuunguzia hakitalingana na hesabu zenu. Mtungi ulioachwa juani wakati wa kaskazi hufika huko bila ya taabu.

Zaidi ya hayo, gesi hii huweza kuvunjikavunjika yenyewe kwa mripuko hata pasipo na mafuta ya kuunguza. Tarehe 26 Julai 2007, huko Mojave, Marekani, watu watatu walifariki katika jaribio la kuipitisha gesi hiyo tu, bila ya mota kuwashwa, na hao hawakuwa wanagenzi.

Kwa maoni yangu, anzeni na oksijeni ya mtungi, ile wanayotumia mafundi wa kuchomelea, ambayo shinikizo lake hupunguzwa kwa regyuleta na halibadiliki sana kwa joto la mchana. Nayo ina sharti lake: grisi au mafuta yoyote ndani ya vali yanaweza kushika moto, kwa hiyo kila kipande kisafishwe, na anayetoka kula urojo asikiguse.

Nta mmechagua vyema, kwani huyeyuka na matone yake hupeperushwa ndani ya moto, ikaungua mara tatu hadi nne kwa kasi kuliko mpira unaotumika kwa kawaida. Mkiiyeyusha ili kuitia katika umbo, imiminwe kwa awamu, maana hunywea ikipoa, na ufa mmoja huongeza eneo linaloungua.

Siku ya jaribio, baada ya kupata idhini ya chuo, Polisi na Zimamoto, watu wote wakae nyuma ya ukuta na vali iendeshwe kwa mbali. Vali hiyo iwe ya aina inayojifunga yenyewe umeme ukikatika, kwani kukatika kwa umeme hapa kwetu si habari ngeni.