Alama 71, dayazepamu na uchovu wa kazi

Swali: Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, hospitali ya wilaya. Nimejibu dodoso la maswali 22 kwenye simu, nikapata alama 71, likaandika "uchovu wa kazi, hali mbaya sana". Rafiki yangu wa famasi hunipa dayazepamu miligramu 5 nipate kulala nikitoka zamu ya usiku. Hii ni wiki ya sita. Niendelee, au nihamie vidonge vya mitishamba vya kuondoa msongo?

Jibu: Sista, hiyo 71 ifute kichwani. Maswali 22 ni ya kipimo cha uchovu wa kazi cha wanasaikolojia Christina Maslach na Susan Jackson cha mwaka 1981, na kipimo hicho hakina jumla moja. Kina mafungu matatu: maswali 9 ya kuishiwa nguvu za kihisia, 5 ya kuanza kuwaona wagonjwa kama vitu, na 8 ya kuridhika na unachokifanikisha. Kila swali lina alama 0 hadi 6, na fungu la tatu husomwa kinyume: alama nyingi ni habari njema. Muuguzi anayeipenda kazi yake kuliko wote, asiyechoka wala kumkaripia mzazi, hupata 48 kwa fungu hilo peke yake. Aliyetengeneza programu ile kajumlisha raha na karaha, halafu akakutisha kwa jibu lake.

Tena uchovu wa kazi si ugonjwa. ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyopitishwa mwaka 2019, inauweka kama hali itokanayo na kazi. Dodoso lenyewe ni zana ya utafiti, linafaa kulinganisha wodi na wodi, si kumpa mtu mmoja cheti. Mapitio ya mwaka 2018 ya tafiti 182 za madaktari yalikuta namna zisizopungua 142 za kuueleza uchovu huo, na waliohesabiwa kuwa nao kuanzia asilimia 0 hadi 80.5. Ndiyo maana nakereka kila nikitumiwa picha ya skrini yenye alama nyekundu.

Kinachonitia hofu ni zile wiki sita. Nusu ya dayazepamu huchukua takriban saa 20 hadi 50 kutoka mwilini, na kile inachogeuka kuwa mwilini, ambacho nacho huleta usingizi, hukaa zaidi. Ukimeza saa 3 asubuhi, saa 1 jioni unaingia zamu dawa ingali ndani, ukijaza patografu, chati ya mwendo wa uchungu, na kuhesabu matone ya oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu. Kesho yake unaongeza juu ya ya jana. Lakini usiikate ghafla: baada ya wiki nyingi hivyo, kuacha kwa mkupuo huweza kuleta mtetemeko, usingizi mbovu kuliko wa mwanzo, hata degedege. Mwone daktari, umtajie dozi na wiki bila kuficha, akupangie kupunguza hatua kwa hatua. Vidonge vya mitishamba achana navyo. Kopo lisilosema lina nini na kiasi gani huwezi kulichanganya na dawa ya usingizi.

Daktari huyo huyo akupime sonona kwa PHQ-9: maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27, kuanzia 10 uchunguzi uendelee. Swali la 9 ni la mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lako likiwa chochote zaidi ya sifuri, pata msaada siku hiyo hiyo, usingoje miadi. Wingi wa damu na tezi ya thairoidi navyo vipimwe. Upungufu wa damu umewahi kuitwa uvivu mara nyingi mno.

Uchovu wenyewe unatengenezwa na rosta. Kwa wiki nne andika kila zamu: saa ya kuingia na kutoka, wazazi wangapi, wauguzi wangapi, saa ulizolala. Mpelekee matroni karatasi hiyo. Omba zamu za usiku zisizidi tatu mfululizo, na mtu asitoke saa 4 usiku akarudi saa 1 asubuhi. Wakuu wa hospitali hupenda kuita mhamasishaji afundishe kuvuta pumzi ukumbini, soda na biskuti zikiwepo, kisha jioni muuguzi yule yule anarudi peke yake kwenye wodi iliyojaa. Likizo nayo nafuu yake huyeyuka ndani ya wiki chache ukirudi kwenye rosta ile ile.

Na ninyi wenye funguo za famasi: dayazepamu isiyo na cheti cha daktari mnayompa mwenzenu kwa huruma haina anayeifuatilia. Hakuna anayehesabu wiki.